Vigae vya Bibi Mwanabibi

Bibi yangu Mwanaheri hakuyaamini macho katika habari ya chungu. Alikunja kidole cha kati, akakigonga ubavuni mara moja, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Chungu kizima kilimjibu kwa sauti ya kuvuta, iliyofifia taratibu. Chenye ufa kilikohoa. "Hiki kina kifua," alisema, akakiweka kando, na hakuna mnunuzi aliyeweza kumshawishi amuuzie, hata yule aliyetaka kuwekea mbegu tu.

Alikuwa Mmwera wa Chinongwe, mfinyanzi na binti wa mfinyanzi. Mumewe, Saadi, alifariki mama yangu Zaitun akiwa hajaanza kung'oka meno ya utoto, na tangu hapo nyumba ile iliishi kwa mtama, mihogo na udongo. Masika Bibi alilima, kiangazi alifinyanga, na katikati yake alibeba vyungu kichwani hadi gulioni Ruangwa, akitembea polepole, mgongo umenyooka. Mwendo ule hakuuacha hata alipokuwa hana kitu kichwani. Mpaka leo nikimkumbuka namwona anavuka uwanja kana kwamba juu yake kuna kitu cha kuvunjika.

Nyuma ya nyumba yake, chini ya ghala la mtama, palikuwa na rundo la vigae. Mgeni angeona takataka. Lakini udongo mtupu ukiingia motoni hupasuka. Lazima uchanganywe na unga wa vyungu vilivyovunjika. Vigae husagwa juu ya jiwe, hupepetwa kwa ungo kama unga wa kula, kisha hukandwa pamoja na udongo mpya. Kwa hiyo chungu cha leo kina chungu cha jana ndani yake, na cha jana kina cha juzi.

Kwa vyungu vya kuuza, kigae chochote kilitosha. Vile vya chini ya ghala vilikuwa na kazi yao. Vilitokana na mtungi mkubwa wa Bibi Mwanabibi, mama yake Mwanaheri, uliopinduliwa na mbuzi mwaka mmoja baada ya mwenyewe kuzikwa. Katika nyumba yetu, binti anapobeba mimba ya kwanza, mama yake humfinyangia mtungi, na maji ya kwanza ya kumwogesha mtoto hutoka humo. Na mtungi huo sharti utiwe unga wa mtungi uliotangulia. Mwanaheri alioga maji hayo. Zaitun aliyaoga. Nani alianza, hakuna aliyejua. Walijua tu kwamba haijakatika.

Basi mwanzoni mwa mwaka 1951 Zaitun alipoanza kutema mate na kuchukia harufu ya moshi, Mwanaheri alikwenda chini ya ghala, akaliangalia rundo lake, akatabasamu. Alikuwa ameingoja kazi hiyo miaka minne.

"Dada, si ununue debe kama wenzio?" alimtania Mwamina, jirani ambaye ukoo wake na wetu ni watani. Wakati huo madebe yalikuwa yamezagaa kila kijiji, yakitokea Nachingwea kwenye mashamba makubwa ya karanga. "Debe halikohoi."

"Debe ni la mafuta ya taa," Mwanaheri alijibu. "Mjukuu wangu si kibatari."

Baba yangu, Mikidadi, naye alitokea Nachingwea. Alikuwa Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka akiwa kijana kufuata kazi, wakamweka katika kikosi cha barabara. Alijifunza kumwaga kifusi, kukisambaza, na kukishindilia kwa gogo mpaka gari lipite bila kuzama. Alimwoa Zaitun mwaka 1950. Kazi zilipopunguzwa mwaka uliofuata, akahamia kwa wakwe kama desturi yetu inavyotaka, amebeba blanketi moja, kikombe kimoja, na gogo lake la kushindilia alilolichonga mwenyewe kwa mti mgumu. Mama alisema gogo lile alilitazama kwa mapenzi ambayo yeye Zaitun ilimbidi ayavumilie.

Alikuwa mchapakazi, na aliogopa jambo moja tu: kumkosea mama mkwe. Siku zile mkwe na mkwe hawakusemezana. Mikidadi akimwona Mwanaheri anakuja, alitoka njiani, akachuchumaa na kugeuzia uso vichakani mpaka apite. Mwanaheri naye alijifunika khanga akapita kama mtu anayepita kaburi. Likiwapo neno, lilipitia kwa Zaitun, au kwa Mjomba Hasani, kaka mkubwa wa Mwanaheri, mwenye ukoo. Waliishi katika uwanja mmoja, wakila chakula cha jungu moja, bila ya kutazamana usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na wote wawili waliishika sana.

Machi ile mvua zilinyesha hadi kijia cha kisimani kikawa uji. Siku moja Mwanaheri aliteleza, akakaa kitako matopeni, maji yote yakammwagikia. Mikidadi alikuwa amechuchumaa kichakani, hakuweza kumkimbilia wala kumpa pole. Alisikia tu kishindo, na baadaye sauti ya Mwamina ikicheka. Aibu ya kutoweza kumwinua mama wa mkewe haikumpa raha.

Juma lilelile Mwanaheri alikwenda Ruangwa na vyungu vyake vya mwisho vya kiangazi, alale huko kwa ndugu siku mbili. Zaitun alikuwa kalala ndani, kichefuchefu kimemshika. Mikidadi akachukua jembe na gogo. Alichimba matope yote kijiani, akatafuta kifusi. Chinongwe haina changarawe ya karibu. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Aliona rundo la vigae vikavu, vigumu, vimekaa bila kazi. Kwa mtu wa barabara hiyo ni zawadi. Kumwuliza mkewe hakukumjia akilini, maana nani huuliza habari ya takataka? Na mwenye rundo, hata angekuwepo, asingeweza kumwuliza. Akavibeba vyote, akavimwaga, akavishindilia kutwa nzima, kisha akafagia chini ya ghala mpaka pakang'aa.

Mwanaheri alirudi alasiri ya siku ya tatu. Alipofika kijiani aliinua khanga ili isilowe, akakanyaga, akasimama. Akakanyaga tena kwa nguvu. Mguu haukuzama.

"Mwamina! Nani kaitengeneza njia hii?"

"Mkweo," alisema Mwamina kutoka mlangoni kwake, mkono mdomoni.

Mwanaheri aliweka chini mzigo wake. Aliinua mikono miwili palepale katikati ya kijia. "Mikono iliyofanya kazi hii Mungu aibariki. Amwone mwanawe asubuhi njema. Asipungukiwe kitu katika nyumba yangu."

"Amina," alisema Mwamina, akaingia ndani haraka kwa sababu kicheko kilikuwa kimemfika kooni. Yeye aliviona vigae vinapita.

Kelele iliyotoka nyuma ya nyumba muda mfupi baadaye, Mama aliniambia, iliwatoa kuku wote uwanjani, isipokuwa jogoo mmoja mwekundu mwenye kiburi. Mikidadi alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, anachonga mpini. Mwanaheri alijua yupo. Hakuweza kumkabili. Lakini jogoo alikuwa mbele yake.

"Wewe jogoo!" alisema. "Wewe uliyetoka mbali na miguu yako mirefu! Nilikukaribisha, nikakupa mtama. Nikasema huyu ana akili, anajua kuparua. Kumbe unaparua mpaka mifupa ya mama yangu! Vigae vyake, jogoo! Unavitupa njiani vikanyagwe na mbuzi? Na mbuzi ndiye aliyemvunja! Huna mdomo? Ulishindwa kuuliza?"

Jogoo alimtazama kwa jicho moja.

"Aulize vipi, na yeye jogoo haruhusiwi kusema na wewe?" alidakia Mwamina kutoka upande wa pili wa ua. "Halafu dada, wewe umekwisha kumwombea dua. Na mimi nimeitikia amina. Sasa utairudishaje?"

Mwanaheri akakaa chini. Hapo ndipo alipolia. Si kwa hasira tena. Zaitun alitoka ndani, akamkuta ameshika udongo mtupu chini ya ghala, pale ufagio ulipoacha michirizi yake.

"Nitamwogesha mwanao kwa mtungi gani?" alimwuliza. "Imekatikia kwangu."

Nyuma ya ukuta Mikidadi alisikia yote. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini habari ya siku hiyo aliisimulia kila nilipomwomba. Alisema alikwishafunga blanketi lake arudi Nachingwea, kuvunja mawe, akafie huko. Mama ndiye aliyelifungua. "Ukiondoka," alimwambia, "mimi nitamwambia mwanangu baba yake alikimbizwa na jogoo."

Mjomba Hasani aliitwa. Alisikiliza pande zote, akajizuia kucheka mpaka ndevu zikatetemeka. Hukumu yake ilikuwa fupi: hakuna kosa, kuna hasara. Aliyevizika avifukue.

Mikidadi alifukua siku mbili, amepiga magoti. Ole wake mtu anayejua kazi yake: alikuwa ameshindilia vizuri mno. Vigae vingi vilikuwa vimesagika na kushikana na udongo mwekundu, havitambuliki. Vilivyojulikana ni vile tu vyenye alama ya Bibi Mwanabibi, mikato mitatu ya ukucha wa kidole gumba, aliyoitia shingoni mwa kila chombo chake. Alipata vya kujaza kiganja; vingine akavishindilia tena kijiani. Mtungi ulihitaji ungo mzima.

Alikuwa amekaa na kiganja chake hicho cha vigae, hajui afanye nini, alipowatazama vifaranga wa Mwamina wakinywa maji. Walikuwa wanakunywa katika nusu ya shingo ya chungu. Akasogea. Mikato mitatu ya ukucha.

"Shemeji," alisema, kwa kuwa utani ulimruhusu kumwita hivyo, "hiki umekitoa wapi?"

"Hiki? Cha marehemu Mwanabibi. Nyumba gani hapa haina kipande chake?"

Mikidadi alisimama. Asubuhi iliyofuata alichukua kikapu, akaondoka.

Alizunguka Chinongwe yote, akaenda Matambarale, akaifuata njia ya Ruangwa nyumba baada ya nyumba. Alikuwa mgeni, Mmakua mwenye Kiswahili cha kambini, anayepiga hodi na kuomba vitu vilivyovunjika. Watoto walimfuata wakidhani ana wazimu. Lakini alipoonyesha mikato mitatu, wenye nyumba waliingia ndani, wakatoka na kigae kilichokuwa kifuniko cha chungu cha maharage, au cha kuombea makaa ya moto kwa jirani, au cha kukaangia karanga. Na kila aliyetoa kigae alitoa na maneno yake. Hakuna aliyekubali kuachia kimoja bila kingine.

Alirudi siku ya tano, kikapu kimejaa. Hakuweza kumpa mama mkwe mkononi. Alikiweka mlangoni, akaenda nyuma ya ukuta wa jiko. Mwanaheri alikaa upande wa pili na kikapu mapajani, Zaitun katikati yao, pembeni mwa ukuta, anawaona wote wawili. Mikidadi alisimulia kwa ukuta, Zaitun akarudia maneno yaleyale kwa mama yake, ingawa mama alikwisha kuyasikia.

"Hicho cha vifaranga," alisema Mikidadi, "ni cha Shemeji Mwamina. Anasema alipewa alipoolewa. Marehemu alimwambia, 'Ukikivunja njoo nikupe kingine, ila usije unalia.' Akakivunja wiki ya pili, akaenda analia. Akapewa viwili."

Zaitun alirudia. Mwanaheri alisema, "Hm. Mama alimpa mtu viwili?"

"Hicho cheusi ni cha mzee mmoja wa Matambarale. Mwaka wa njaa alikwenda kwa marehemu na kikapu cha ming'oko, viazi vya porini, abadilishane na chungu. Anasema ming'oko ile ilikuwa nusu imeoza, na yeye alijua, na marehemu alijua. Akaipokea yote, akasema, 'Umechimba vizuri.'"

Mwanaheri alikitoa kikapuni. Alikigeuza kigae. Mama yake aliyemjua yeye alikuwa mwanamke mkavu. Kila Mwanaheri alipomletea chungu alichofinyanga, tangu utoto hadi alipokuwa na mtoto wake mwenyewe, yule mama alikigonga, akasikiliza, akasema "Hm." Halafu akakirudisha. Miaka yote ile, "Hm."

"Na hicho chekundu," Mikidadi alisita, "ni cha bibi mmoja njia ya Ruangwa. Anasema marehemu alikuwa akipumzika kwake akienda gulioni. Akitua mzigo alikuwa anachukua chungu kimoja katika vyake, anakigonga, anamwambia, 'Sikiliza hiki. Hiki ni cha binti yangu. Ana mkono kuliko mimi. Lakini simwambii, asije akalegea.'"

Zaitun alifungua kinywa arudie.

"Mwambie arudie," alisema Mwanaheri.

Mikidadi akarudia.

"Mwambie arudie tena."

Akarudia tena, pole pole, neno kwa neno. Mwanaheri aligeukia mlango. Mama alidhani analia, akanyanyuka amshike. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka khanga ikaanguka begani. "Yule mama yangu!" alisema. "Jamani, yule mama! Miaka yote ile!" Na machozi yalikuwepo, lakini yalikuja nyuma ya kicheko.

Nimefikiri mara nyingi juu ya kikapu kile. Rundo la chini ya ghala lingekaa kimya lisagwe, na Bibi angemwingiza mtungini mama yule yule mkavu aliyemzika. Kwa kosa la mtu mgeni alirudishiwa mama aliyetawanyika katika nyumba za watu, kipande kwa kipande, kila kimoja kikiwa na kitu kidogo chema alichokuwa amefanya na kukisahau. Sidhani kama tunawajua waliotuzaa mpaka tupige hodi kwa majirani.

Mwezi Mei mvua ilikatika. Mwanaheri alisaga vigae vyote, pamoja na vile vya kiganjani, akapepeta, akakanda na udongo wa bondeni. Aliufinyanga mtungi kwa mikono yake siku tatu, akausugua kwa gunzi la hindi, kisha kwa kokoto, akatia mikato mitatu shingoni. Akauacha kivulini ukauke mpaka ukapauka. Ulipofika wakati wa kuchoma, Mikidadi ndiye aliyeleta magome na kuni, akaziweka mbali na kuondoka. Moto uliwaka tangu asubuhi hadi adhuhuri. Hakuna aliyekula. Vigae vya nyumba ishirini na tatu vilikuwa mle ndani, vimechomwa kwa mioto mbalimbali, na hakuna aliyejua kama vitakubali kukaa pamoja.

Ulipopoa, Mwanaheri aliuinamia, akakunja kidole, akagonga. Mwamina, Zaitun na Mjomba Hasani waliacha kupumua. Nyuma ya ukuta, Baba aliufunga mdomo wake kwa mkono.

Mtungi ulijibu kwa sauti ndefu.

"Hm," alisema Mwanaheri. Kisha akasita, kama mtu aliyejisikia akiongea kwa sauti ya mwingine. "Hapana," akasema. "Mzuri. Mzuri sana. Nasema mbele yenu wote."

Mimi nilizaliwa Septemba, asubuhi, jua likiwa kwenye vichwa vya mihogo. Mwanaheri na Mwamina ndio waliokuwa na Mama ndani. Mtungi uliwekwa mlangoni, lakini katika haraka za uchungu hakuna aliyekumbuka kuujaza. Maji ya usiku yalikuwa yamekwisha. Mwamina amemshika Mama, Mwanaheri amenishika mimi, nina utelezi na ninapiga kelele. Nje kulikuwa na mtu mmoja tu, amechuchumaa, mgongo kwa mlango.

Mwanaheri alitafuta mtu wa kumtuma kwa mtu yule. Hakumpata.

"Mikidadi!" akaita. "Maji, mwanangu! Mbio!"

Baba alisimama, akageuka kwa mshituko. Kwa mara ya kwanza walitazamana usoni, yeye na mama mkwe, na mimi katikati, ninalia. Wote wawili waliganda. Ndani, Mwamina alianza kucheka.

"Mbona wamesimama kama nguzo? Mtoto atajiogesha?"

Baba alinyakua mtungi akakimbia. Alikimbia juu ya kijia alichokishindilia mwenyewe, akaujaza, akarudi nao kichwani, mgongo umenyooka, kwa mwendo uleule wa Mwanaheri, bila kuteleza. "Usingekuwepo ugumu ule," alinieleza baadaye, "ningekuvunjia mtungi siku ya kwanza." Kwa hiyo dua ya kijiani ilikuwa imekubaliwa, na kila neno lake.

Mjomba Hasani alipokuja mchana alisema mwiko umekwisha kuvunjwa, haushonwi. Kilichobaki ni kuuondoa rasmi, na kwa hilo lazima achinjwe kuku. Hakukuwa na mabishano ni kuku yupi. Jogoo mwekundu alikuwa amebeba lawama za mkwe tangu Machi, akaondoka nazo. Walimla pamoja, Mwanaheri na Mikidadi katika sinia moja, na yeye Bibi alimtilia paja.

"Kula," alimwambia. "Nilikutukana vibaya kupitia kwake."

"Nilisikia, mama."

"Nilijua unasikia."

Niliitwa Mwanabibi. Ndiyo maana bibi yangu, maisha yake yote, hakuniita mjukuu wala kwa jina, aliniita "mama." Nikimwonyesha kitu nilichokifanya, mkeka wenye urefu wa mkono mmoja, baadaye barua za kwanza nilizoandika shuleni, alikigonga kwa kidole kana kwamba kinaweza kulia, akainama, akasikiliza. Kisha alisema kwa sauti, asiniache hata kidogo na mashaka, "Mzuri, mama. Mzuri sana."

Vigae vilivyobaki kijiani havikufukuliwa tena. Baba alitaka kuvitafuta kiangazi kilichofuata, Bibi akamkataza. Alisema mama yake alipenda kutembea, na pale anapitiwa na watu wanaokwenda kuchota maji, na miguu yao haizami.